Mlio wa Pikapu ya Mzee Andongwisye

Heshima ni kitu kizuri, lakini ile ya jirani yetu hapa Ipyana, Mzee Andongwisye, ilipita kiasi. Kwake, mke wa mwana haongei na baba mkwe wala hamtazami usoni. Ndiyo maana kila pikapu yake kuukuu ilipopeleka mpunga Kyela, mzee alikaa mbele na mkewe Damaris, na mkwewe Beatrice akapanda nyuma juu ya magunia, kajifunika kanga.

Huko nyuma Beatrice akasikia kitu kinasaga chini yake, chuma kwa chuma. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mambo hayo amekulia nayo. Mzee akikanyaga breki, mlio haubadiliki. Akiachia mafuta, ni uleule. Gari likikata kona ya kulia, uzito ukilalia kushoto, unazidi. Basi si breki wala difu, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma. Ni beringi, kile chuma cha duara kinachobeba gurudumu, ya nyuma kushoto.

Mumewe alikuwa Karonga kibiashara, kwa hiyo Beatrice akamweleza mama mkwe, Damaris, yote. Damaris akaona aibu. Atasemaje kwamba mkwe anachunguza gari la baba? Akamfupishia mumewe.

"Baba, gari linalia huko nyuma."

Huko gereji, fundi Sylvester akauliza, "Linalia vipi, mzee?"

Mzee, ambaye huko mbele husikia injini tu, angejuaje? "Difu hiyo," akasema.

Sylvester akabadilisha oili ya difu. Wakalijaribu barabara iliyonyooka, wakaridhika. Beatrice alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta wa gereji, anasikia kila neno. Akajifunika kanga, akapanda nyuma tena.

Kesho yake mzee alikwenda Ndandalo peke yake. Kwenye kona gurudumu likachomoka na ekseli yake, pikapu ikapinduka mtaroni. Hospitalini wakamkata mguu. Naumia mpaka leo, maana beringi ni kifaa cha kubadilisha asubuhi moja tu.

Aliporudi nyumbani, Damaris akamwambia ukweli wote huku akilia. Mzee akaegemeza magongo yake ukutani. Kisha akaita kuelekea jikoni, bila kugeuza kichwa.

"Mkwe, ulijua?"

"Nilijua, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza mzee kusikia sauti ya mkwewe.

"Ungepiga kelele tu, mwanangu. Ningekasirika mwaka mzima, lakini ningekasirika nimesimama."