Viazi Vilivyolala Mchana

Mchana viazi vyetu vililala kama watu waliokesha matangani. Jioni jua likishuka, viliamka tena. Mume wangu Kibii alisimama shambani akavitazama, akasema ni kiu. Na kwa nini asiseme hivyo? Sisi ni watu wa Keringet, juu kabisa, na tangu niolewe huku niliambiwa baridi ndiyo dawa ya shamba. Magonjwa yalikuwa ya watu wa chini. Walipanda mlima kuja kwetu na magunia kununua mbegu za viazi, na Kibii aliwatania kwamba huko kwao joto hupika viazi kabla havijachimbwa.

Mwaka huo baridi ya Julai haikuja. Nguo nilizoanika asubuhi zilikauka kabla ya chai ya saa nne, nami, mjinga wa watu, nikafurahi.

Basi Kibii akavuta mpira wa maji kutoka bwawani, akamwagilia. Maji yaliteremka mtaro kwa mtaro mpaka kwa mdogo wake Kiplangat, anayepakana nasi kwa chini. Kiplangat alishukuru, akachimba mfereji ili yasimpite. Lakini kadiri tulivyonywesha viazi, ndivyo vilivyozidi kulegea, na ikafika jioni ambayo havikuamka.

Nikampigia simu afisa wa kilimo, binti anayeitwa Mercyline. Alipofika aling'oa mche mmoja, akakata shina kwa kisu, akaniomba glasi ya maji safi. Alitumbukiza ncha ya shina tu. Tulisimama jikoni watatu, tukitazama. Uzi mweupe, mwembamba, ukatoka kwenye shina na kushuka taratibu hadi chini ya glasi.

"Ni mnyauko bakteria, mzee," Mercyline alisema. "Zamani ilikuwa inashindwa kufika huku juu. Saa hii udongo umepata joto, na hii kitu inatembea na maji."

Kibii aliuliza dawa. Hakuna. Akauliza kuhusu mbegu, ambazo ndizo karo ya watoto wetu na mkate wetu. Akaambiwa asiuze hata moja. Binti akaanza kueleza habari za kupanda mahindi miaka na miaka mpaka udongo upone, lakini nilimwona mume wangu hasikii tena. Alikuwa anatazama dirishani, kule chini, Kiplangat alikokuwa ameinama akizibua mfereji wake.

Alisema yeye ndiye atakayemwambia mdogo wake. Nilitaka kulia nikashindwa, maana sikuwa nimewahi kumwona akiogopa.

Mercyline alipoondoka, Kibii alichukua ile glasi akatoka nayo nje. Nilimfuata. Alienda hadi kwenye ua, akarudi. Akaenda upande wa choo, akarudi.

"Mama Chebet," akaniambia, "hii maji nayo nimwage wapi?"

Niliangalia boma letu lote. Kila mahali palikuwa panateremka kwa Kiplangat.