Taa Chini ya Turubai

Tangu mjane amzike mumewe, gari lilikaa uani limefunikwa. Juzi kaka yake alilitia betri mpya, asubuhi yake ikawa imekufa, kimya kama kaburi. Ndipo mjane alipomwita fundi umeme wa mtaa wa pili, mtu wa maneno mengi na bisibisi moja.

"Hii gari inalala vipi, mama?"

"Inalala kama mtu. Inajifunika."

Akamwonyesha lile turubai zito. Marehemu hakukubali hata umande uliguse gari lake. Jioni ikiingia hulifunika mpaka magurudumu, akagandamiza pembe kwa matofali. Watoto walikuwa wakimtania kwamba mama yao hajawahi kupewa shuka zuri vile.

Fundi akacheka, akaingia kazini. Mjane alibaki mlangoni pa jikoni, mikono kifuani. Gari lile hakulipenda tena. Alfajiri ile ya msiba mumewe alibanwa na pumzi, wakambeba mpaka kiti cha nyuma. Binti yao, kitinda mimba, akazungusha ufunguo. Tk. Basi. Juu ya vichwa vyao taa ya ndani ilikuwa inakata roho, nyekundu kama jicho la mgonjwa. Mpaka gari la jirani lipatikane, mzee alishatulia.

Na jana yake aliyelitumia gari ni huyo huyo kitinda mimba, alipomfuatia baba yake dawa.

"Hukufunga mlango!" mama alimwambia mbele ya waombolezaji. "Baba yako umemuua wewe."

"Niliufunga, mama. Niliusikia ukigonga."

Nani wa kumsikiliza? Baada ya maziko binti alikunja nguo zake, akaenda zake.

"Mama, kitendawili!" fundi aliita kutoka garini.

"Tega." Mdomo ulijibu wenyewe, mumewe alikuwa mtu wa vitendawili.

"Mlinzi wangu kajifunika gubigubi, macho kodo."

"Umenishinda."

"Nipe mji."

"Chukua uutakao. Sema."

"Taa ya gari yako!" Akamwonyesha kitufe kidogo kwenye fremu ya mlango. Mlango ukifungwa hukibonyeza, taa ikazimika. Ila kofia yake ya mpira ilikuwa imelika. "Mlango unafunga vizuri, haukifikii tu. Leo unagusa, kesho haugusi. Na mkishafunika, nani ataiona taa ikinyonya betri? Hii si ya jana wala juzi, mama."

"Hata mtu akiubamiza?"

"Hata aubamize pandikizi la mtu."

Alivisha kofia mpya upesi tu, akaenda zake akipiga mbinja. Mjane akaingia kiti cha nyuma, pale pale, akampigia simu binti yake.

"Mwanangu. Mlango uliufunga."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Nilikwambia mimi, hukusikia. Leo gari imekwambia, umesikia." Sauti haikuwa na hasira. Ingekuwa nayo, mama angepata pa kushika. "Nina kazi, mama. Kaa salama."

Jioni mjane aliliburura turubai peke yake. Kabla ya kushusha upande wa mwisho, akainama kuchungulia kiooni. Ndani giza tupu. Taa ilikuwa imezimika, kama ilivyotakiwa kuzimika siku ile.

Akashusha. Akatafuta matofali.