Baraza Chini ya Ghorofa Ishirini na Mbili

Jengo lilikuwa la ghorofa ishirini na mbili, makao makuu mapya ya kampuni moja ya bima jijini Stockholm, na lilipita mikononi mwa wasanifu wengi. Vumilia, mzaliwa wa Pangani, alikuwa mmoja wao. Vioo vilikuwa vya wengine, lifti za wengine. Kitu kimoja tu kilikuwa chake hasa: baraza ndefu ya mawe iliyoshikamana na ukuta wa nje, ambapo mpita njia yeyote angekaa bila kuulizwa yeye nani.

Wazo lilitoka kwa mama yake. Siku Vumilia alipomtumia picha ya mchoro wa jengo kwa simu, mama alilitazama lote, juu mpaka chini, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, mtu aliyechoka atakaa wapi?" Vumilia akarudi kazini, akachora baraza. Mama akaapa kwamba jengo likisimama tu, atapanda ndege aje aikalie.

Kikwazo kilikuwa Gunnel, msimamizi wa majengo wa ile kampuni. Hakuwa na ubaya, ila kitu asichokitaka kwenye ramani alikigonga kwa kalamu. Ijumaa aligonga baraza.

"Hapa hatakaa mtu," alisema. "Jumatatu nipeni sababu ya kuiacha. La sivyo, iondoke."

Vumilia alirudi nyumbani amenuna, na kununa anakujua. Aliamini kabisa kwamba Waswidi hawawezi kukaa jirani na mtu wasiyemfahamu, na kwamba baraza yake inauawa kwa sababu hiyo. Mumewe akamwachia sebule.

Jumapili alikwenda Hallonbergen, nje kidogo ya jiji, kumsubiri shoga yake Dancille, muuguzi kutoka Burundi, waliyejuana naye tangu darasa la Kiswidi. Ilikuwa Machi. Theluji imebaki vipande vipande, na jua, ambalo lilikuwa limewasahau watu tangu Novemba, limetoka. Nje ya kituo cha treni watu wasiojuana walikaa bega kwa bega wameegemea ukuta, makoti wazi, macho wamefumba, vikombe vya kahawa mkononi. Vumilia akawapita. Akavuka ng'ambo, akakuta benchi tupu kivulini, akakaa, akajikunyata.

Dancille alipofika alimsimamia mbele. "Weye Vumilia, juu ya nini umekaa ndani ya friji? Wenzako wote wako kule."

"Huku kuna kivuli," Vumilia akajibu, bila hata kufikiri.

Kisha akasikia mwenyewe alichosema. Akatazama ule ukuta wenye watu, akatazama benchi lake lililo tupu. Kwao Pangani hakuna mwenye akili zake anayejenga baraza juani. Kwa hiyo naye, na miaka yake yote ya Sweden, na shahada yake ya hapa hapa, aliiweka baraza upande wa kaskazini wa jengo, penye kivuli kizuri cha mwaka mzima. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Unaumwa?" Dancille aliuliza.

"Nimewachorea Waswidi kivuli, dada."

Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, alihamisha baraza upande wa kusini, palipokuwa na maegesho ya baiskeli. Baiskeli akazipeleka kaskazini. Hazina haja ya kuota jua. Gunnel alipoketi na kushika kalamu, Vumilia alimsogezea ramani mpya.

Gunnel akainama juu ya ramani. "Jua la Machi linafika hapa?"

"Linafika, na ukuta unazuia upepo. Nilikosea upande. Hukukosea kuigonga."

Gunnel akatabasamu kidogo, akaweka kalamu mezani. "Basi ibaki. Hata mimi nitakaa hapo." Kidole chake kikaifuata baraza mpaka mwisho, kikasimama. Pale mwisho ilikata kona na kuingia nyuma, kipande kifupi kivulini. "Na huku? Huku nani atakaa?"

"Mama yangu," alisema Vumilia.

Gunnel alikitazama kile kipande, kisha akauliza kama kinatosha watu wawili.