Bidoni Lisilojaa

Nyumba ilipokuwa na watu, bidoni la njano, lile dumu la plastiki nyuma ya choo, lilijaa lenyewe. Watoto, wageni, wajomba kutoka kijiji cha Nyantende waliokuja na mikungu ya ndizi wakalala wiki nzima, wote walijua sheria ya Maman Christine: haja ndogo ni ya nyanya. Aliufunga mkojo ule, akauacha ukomae, akauchanganya na maji mengi, kisha akazimwagilia nyanya zake taratibu kando ya shina. Sasa Christine amezikwa, mwanawe Murhula yuko Kamituga anatafuta dhahabu, bintiye Joviale ameolewa Kinshasa, na bidoni halijai. Mtu mmoja atajaza nini?

Mtu huyo ni Zagabe, mume wa Christine, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, mkaidi kama mlango uliovimba kwa mvua. Nyanya zilizobaki bustanini ni za mwisho ambazo mkewe aliziunganisha kwa kupandikiza: juu nyanya, chini mizizi ya mbilingani ya porini, ili ugonjwa wa mnyauko usiziue. Aliziunganisha akiwa tayari anakohoa. Zagabe aliapa kaburini kwamba zitazaa. Basi asubuhi moja akakuta majani ya chini yamegeuka manjano na maua yanadondoka. Zikifa hizi, alijiambia, bustani hii haitakuwa tena na kitu kilichopita mikononi mwa Christine.

Mbolea ya dukani ilikuwa imeadimika. Zagabe akaamua kunywa maji ili alijaze bidoni. Alikunywa asubuhi, akanywa mchana, akanywa hata pale alipokuwa hana kiu, mpaka tumbo likawa linacheza akitembea. Bidoni likajaa. Mkojo ukakomaa, akamwagilia, akajiona fundi kweli kweli. Majuma yakapita, na rangi ile ya manjano ikazidi kupanda.

Ndipo akameza kiburi, akamwita jirani yake Maman Madeleine, aliyejifunza kuunganisha nyanya pamoja na Christine. Mama huyo akapindua jani, akanusa bidoni, kisha akamtazama Zagabe, ambaye shati lilimpwaya shingoni.

— Papa Zagabe, hizi nyanya ziko na njaa ya azote, ile chakula ya majani. Huu muzizi wa pori uko na nguvu, unakulaka mingi.

— Lakini bidon ilijaa, maman!

— Ilijaa maji. Maji haina azote. Azote inatoka mu maharagi, mu samaki, mu ile yenye mutu anakula, kisha inaingiaka mu mukojo.

Akafunga kifuniko cha bidoni, akamgeukia.

— Weye unakulaka nini?

Zagabe akahesabu kimoyomoyo. Chai. Mkate. Siku nyingine bugali baridi na chumvi. Tangu mazishi hakuwa amepika chakula cha maana; ampikie nani? Watoto walipiga simu Jumapili, wakauliza mvua, wakauliza afya, naye akawajibu kwamba mambo ni sawa. Hakuna aliyeuliza amekula nini. Aliona aibu, halafu akaona uchungu, maana swali lile lilikuwa la Christine, na alimuuliza kila aliporudi kutoka shuleni.

— Nakulaka, akadanganya.

Madeleine akayatazama yale majani wala hakubishana naye.

— Nitakuletea sambaza, ile samaki ndogo. Lakini utapika weye mwenyewe.

Jioni ile Zagabe akabandika maharagwe. Hakujua kupimia mtu mmoja, na sufuria iliyokuwapo ilikuwa ya familia nzima, kwa hiyo akapika ya familia nzima. Akakaanga na vile visamaki alivyoletewa, akaviunguza kidogo. Kisha akaketi peke yake kwenye meza ile ndefu, viti vyote vikimtazama. Alipotia tonge la kwanza mdomoni, akalia bila kujificha, kwa kuwa hapakuwa na wa kujificha. La pili likapita. Akala hadi sahani ikabaki tupu.

Baadaye akatoka nje kwenye baridi, akapita kando ya nyanya, akafungua kifuniko cha bidoni kwa haja ndogo.

— Christine, akasema, nimekula.