Pingu za Pamba na Harufu ya Nywele

"Unachoma nywele!" Godelieve alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. "Shuka zangu ziko kwenye kamba tangu asubuhi, na wewe unachoma nywele!"

"Nachoma pamba, Mama Godelieve. Kipande chenyewe hakizidi kidole."

"Pamba ya wapi hiyo? Usinifanye mtoto. Nimekaa kiwandani miaka thelathini na miwili, pamba naijua hata nikiwa na mafua."

Veerle alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa nyuma, koleo ndogo mkono mmoja, kiberiti mkono mwingine, sahani ya udongo katikati ya miguu. Ukuta wa matofali uliogawa nyua zao mbili ulimfikia mtu kifuani, na Godelieve alikuwa ameshauegemea kwa viwiko viwili kama mteja asiye na haraka. Alikuwa na miaka sabini na minne, na mdomo ambao upande wote ule wa mji wa Ghent uliufahamu.

"Imeandikwa pamba na mianzi," Veerle alisema. "Lebo hii hapa."

"Lebo! Mimi mwenyewe nimefunga lebo mpaka vidole vikaota sugu. Lete huo uzi."

Veerle hakuuleta. Kile kilikuwa kipande cha tatu. Cha kwanza kiliponuka alijiambia ni kiberiti. Cha pili akasema labda sahani ilikuwa na mafuta. Sasa cha tatu kilikuwa kimejikunja chenyewe, kikazimika kabla hajakipuliza, na kuacha kidonge cheusi. Pamba haifanyi hivyo. Pamba huungua kama karatasi, moto ukatambaa mpaka mwisho, ikabaki majivu ya kijivu.

Mwishowe aliinua sahani mpaka ukutani. Godelieve akachukua kidonge kile, akakisaga kwa vidole, akanusa.

"Sufu," alisema. "Si nyingi, labda fungu moja kwa kumi. Wanakusanya mabaki sakafuni wanachanganya, nani atajua? Sasa uso umekushuka kwa nini? Sufu ni nzuri, inapasha joto. Soksi za watoto zinataka sufu."

"Soksi gani?"

"Si unafuma soksi za watoto njiti? Ndivyo nilivyomwambia Rosita wa pale kwenye kona."

Siku nyingine Veerle angecheka. Leo alikuwa amechoka kuogopa, akasema tu. "Nafuma pingu, mama."

"Za polisi?"

"Za watu wazima wawili wanaopendana. Mmoja anapenda kufungwa, mwenzake anapenda kumfunga. Wengi wananunua za ngozi. Mimi nawafumia wasiotaka ngozi. Pingu, ukanda wa shingoni, kitambaa cha macho."

Godelieve aliangalia shuka zake, akaangalia sahani, akamrudia Veerle.

"Na yule anayefungwa anakubali?"

"Anayefungwa ndiye anayesema mpaka uko wapi. Wanakaa mezani kwanza, wanaandika. Hiki sawa, hiki hapana. Akisema basi, ni basi."

"Afadhali yao," alisema Godelieve. "Mimi na marehemu Achiel hatukuandika chochote, miaka arobaini."

Lakini Veerle hakuwa na nafasi ya Achiel. Alikuwa anamuwaza Jorinde, aliyetakiwa kufika saa tisa kamili kuchukua ukanda wake wa shingoni, na saa nane ilikuwa imeshapita.

Jorinde alizaliwa kwenye shamba la nguruwe. Kazi yake utotoni ilikuwa kushika kamba mguuni mwa mnyama, asitikisike wakati baba yake anapoingiza kisu. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na minane, na tangu siku hiyo hakuna ngozi, sufu, hariri wala unyoya uliogusa mwili wake. Kwenye karatasi waliyoandikiana na Lander, mwenzake, hilo ndilo lilikuwa la kwanza juu kabisa, kabla hata ya neno la kusimamisha mchezo. Alipoagiza pingu aliuliza juu ya vifungo, si pembe? Si gamba la chaza? Veerle akaenda mbali zaidi, akabadilisha hata uzi wa kushonea kingo kwa sababu ule wa zamani ulipakwa nta ya nyuki. Jorinde aliposikia alimshika mikono yote miwili, palepale kwenye mgahawa wanapokutana kila mwezi watu wa mambo yao kunywa kahawa, akasema, "Shosti, hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza mpaka kwenye uzi wa kushonea."

Na watu walisikia. Tangu siku ile ukimwuliza yeyote pale mgahawani, jina la Veerle lilikuwa na maana moja tu, kwamba vyake ni safi.

Kila uzi mpya aliuchoma kipande kabla ya kufuma fundo la kwanza. Huu mmoja hakuuchoma. Ulikuwa laini, rangi ya zambarau aliyoitaka Jorinde, lebo ilikuwa nzuri, na mkutano ulikuwa Jumapili. Pingu zikatoka, zikapokelewa. Wiki tatu sasa. Jana Jorinde aliandika kwamba vifundo vya mikono vinamwasha kidogo, akaongeza kicheko, labda ni upya tu.

"Sasa sikiliza," alisema Godelieve baada ya kuelezwa yote, akishusha sauti kwa raha ya mtu aliyepewa siri. "Jambo dogo hili. Mwambie umepata kitani kizuri zaidi, unataka kumfumia upya bure. Za zamani zichukue, zitie jikoni uchome. Amekosa nini? Amepata mpya."

"Hatajua."

"Hatajua! Unadhani sisi tulikuwa tunasema? Lebo zangu ziliandikwa pamba tupu, na ndani mna takataka ya kila namna. Shuka za vitanda vya watoto, zile. Mwanamke mmoja alikuja mpaka kiwandani na mtoto wake, mgongo mzima vipele. Msimamizi akamwambia, mama, ni sabuni yako. Mwanamke akanigeukia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kasha la lebo. Nikasema ndiyo, ni sabuni. Akaondoka anaomba radhi."

Alikuwa ameanza kwa sauti ya umbea, lakini mwishoni ilimkauka. Alichukua kibanio cha nguo mfukoni, akakibana na kukibanua, akakibana tena.

Veerle alikuwa ameshika simu. Hakuhitaji kuifungua. Alikumbuka alichomjibu Jorinde jana, neno kwa neno. *Unatumia sabuni gani, mpenzi?*

Kengele ya mlango wa mbele ililia.

Jorinde aliingia na baiskeli yake kama kawaida, akaipitisha ukumbini mpaka uani maana mtaani pale huibiwa, akaiegemeza ukutani, akamsalimia Godelieve kwa kichwa. Alikuwa mrefu, mwenye mafua yasiyoisha, na furaha usoni.

"Nimebadilisha sabuni!" alisema. "Naona kama afadhali kidogo. Ukanda wangu uko wapi, nioneshe."

Ukanda wa shingoni ulikuwa mezani ndani, umekamilika, zambarau. Neno la kitani lilikuwa tayari mdomoni mwa Veerle, laini, limepangwa vizuri.

"Una sufu," alisema. "Ukanda, na pingu. Zote. Uzi ulidanganya, na mimi sikuuchoma kama ninavyofanya siku zote. Nilikuwa na haraka."

Jorinde aliangalia sahani pale chini, vile vidonge vyeusi. Akafungua mkoba polepole, akatoa pingu zilizofungwa ndani ya kitambaa, akaziweka juu ya ukuta, mbali na mwili wake.

"Umejua lini?"

"Leo. Sasa hivi." Veerle aliangalia zile pingu. "Hapana. Jana ulipoandika, nilihisi. Nikakuuliza habari za sabuni."

"Mimi nimenunua sabuni mpya, Veerle."

"Najua."

"Lander aliniuliza mara tatu kama niko sawa nazo. Ndivyo alivyo, anauliza mpaka unachoka. Nikasema ndiyo mara tatu." Alikuwa anasugua kifundo cha mkono bila kujua. "Nilikuwa nasema ndiyo kwa kitu ambacho hakikuwepo. Unaelewa? Na hata yeye hakujua. Umetudanganya wote wawili."

"Nitakufumia upya, kwa kitani. Na Jumapili nitasimama pale mgahawani nitasema."

"Sema. Lakini usinifumie." Sauti yake haikupanda. "Sijui kama nitaweza kuvaa chako tena. Sisemi hapana. Nasema sijui, na usiniulize kesho."

Veerle alitikisa kichwa kukubali. Mikono yake, iliyozoea kuwa na sindano, haikujua ikae wapi. Jorinde alishika usukani wa baiskeli lakini hakuondoka. Alisimama tu anavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi.

"Binti," Godelieve aliita. Wote wawili walikuwa wamemsahau. Macho yake yalikuwa mekundu na alionekana kuwakasirikia kwa hilo. "Binti, umekula?"

"Mama, mimi vitu vingi sili."

"Nimesikia, sina uziwi. Nina supu ya vitunguu liki, usiiguse, nimeipika na mfupa wa ng'ombe. Viazi nimechemsha pembeni, maji na chumvi, hakuna kingine, nakuapia. Kabichi nyekundu ina tufaha, sukari na kijiko cha siagi. Siagi imeshaingia, siwezi kuitoa, kwa hiyo kabichi nayo uiache. Mkate nimenunua. Ndani yake sijui wameweka nini na sitakuapia." Alisogea, akafungua kile kilango kidogo cha mbao kati ya nyua mbili, ambacho Veerle hakuwahi kukiona kikifunguliwa. "Pakiti iko mezani, njoo uisome mwenyewe. Na wewe Veerle, acha kusimama kama nguzo. Ingieni mle."