Jina la Jiwe la Ailako

Siku yule binti Nesta alipopanda kuja kwetu na simu yake, nilimkaribisha popoo ya kutafuna na chokaa yake, nikamketisha, nikamtazama viatu. Mtu anayekuja na viatu vya kupandia milima hakuja kusalimia.

"Tunachora ramani, mzee," alisema. "Vijito, njia, mahali mlima unapomeguka mvua ikinyesha. Wauguzi wakijua njia watafika."

"Nani anakulipa?"

"Silipwi. Tunajitolea. Ramani ni ya wote. Kila mtu anaiona, kila mtu anaweza kuandika."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Nilicheka mpaka popoo ikanipalia. Hapa kisiwani Malaita hata machozi ya msibani watu hukumbuka nani alilia na nani hakulia. Halafu mama yake Nesta alizaliwa pwani, kwenye ukoo wa mzee Bualimae, na Bualimae huyo alikuwa anaukodolea macho mlima wetu wa Ailako tangu kampuni ya mbao ishushe misumeno yake bandarini. Mwenye mlima ndiye atakayeulizwa kama miti ikatwe au isikatwe.

Sisi hatuna karatasi ya mlima. Tuna jina la jiwe lililo kileleni, alipozikwa babu yetu wa kwanza. Baba humnong'oneza mwanawe jina hilo, na atakayelitaja mbele ya baraza la machifu ndiye mwenye ardhi. Likivuja, mlima umekwenda. Kwa hiyo nilimwonyesha Nesta vijito na njia, nikamwambia jiwe halina jina.

"Kama ni la mwiko siliandiki, mzee," alisema. Sikumwamini hata kidogo.

Mwanangu wa pekee, Alick, alikuwa amerudi kutoka Honiara, mji mkuu. Miaka ishirini na sita, simu kubwa, na mikono laini. Akaanza kupanda na kushuka na Nesta, wakipima njia na kucheka. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

Asubuhi moja tulikuwa tunang'oa magimbi, akanyoosha mgongo.

"Baba, mwaka huu umeugua mara mbili, na hujaniambia jina la jiwe."

"Una haraka ya kunizika?"

"Aa, baba, we nawe! Nataka nijue tulikotoka, basi."

Nilitaka kumwambia, Mungu ni shahidi wangu. Mdomo ulishafunguka. Halafu simu ikalia mfukoni mwake, akaitazama, akatabasamu, nikajua ni Nesta. Nikamwinamia sikioni nikasema, "Fairamo."

Fairamo alikuwa mbwa wangu, mwizi wa samaki, aliyekufa kabla Alick hajazaliwa. Alick alilirudia jina lile polepole mara tatu, macho yamemlowa. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha nikajisifu kwa werevu wangu, nikaendelea na magimbi.

Baraza lilikaa miezi miwili baadaye, kwenye ukumbi wa kanisa. Bualimae alisimama wa kwanza, kifua mbele, shati limepigwa pasi.

"Babu yetu alizikwa juu ya Ailako," alisema, "chini ya jiwe. Na jina la jiwe hilo ni Fairamo!"

Niliruka kutoka kwenye benchi.

"Huyo ni mbwa wangu! Waheshimiwa, muulizeni babu yake alikuwa na mkia wa rangi gani!"

Ukumbi uliangua kicheko. Kina mama walishikana mabega. Hata chifu mkuu alifunika mdomo. Wazee wawili wa rika langu wakathibitisha kwamba mbwa huyo walimjua, na samaki wao aliwala.

"Lakini limeandikwa kwenye ramani!" Bualimae alifoka, jasho likimtoka. "Kila mtu analiona!"

Nikamnyooshea kidole Nesta. "Si nilisema? Kanifuatafuata huyu, kalichukua, kawapelekea wajomba zake!"

Nesta alisimama, akainua simu yake. "Mzee, sijaandika jina la jiwe lolote. Na ramani hii hutunza kila neno, nani kaliandika na lini."

"Soma," chifu mkuu aliamuru.

Nesta alimtazama Alick, kama anayeomba ruhusa. Alick alikuwa anaangalia sakafu.

"Ameandika Alick," Nesta akasoma, sauti imeshuka. "'Fairamo. Jiwe la babu zetu. Baba alinipa jina hili mwenyewe. Tafadhali msikate miti hapa.'"

Mtu mmoja nyuma alicheka tena, akanyamazishwa. Nilikaa chini.

Machifu hawakuchukua muda. Aliyeokota jina la mbwa kwenye ramani hana babu kileleni, walisema, na kwa kuwa hakuna mdai mwingine, mlima ni wetu, miti isiguswe. Ndugu zangu walinipigapiga mgongoni, wakaniita bingwa. Niliwasukuma nikatoka nje.

Alick alikuwa barabarani na begi lake, lori la kwenda mjini Auki linapakia watu. Nilimkimbilia na uzee wangu huu.

"Mwanangu, nilikuwa naulinda mlima."

"Najua, baba. Machoni pako mwizi nilikuwa mimi."

"Usiseme hivyo. Nilimwogopa yule binti, si wewe."

"Lakini ulinidanganya mimi."

Nilimvuta karibu, nikaweka mdomo sikioni mwake kama baba alivyonifanyia mimi, nikamwambia jina la kweli. Tangu nipewe, miaka arobaini, halikuwa limewahi kutoka mdomoni mwangu.

Alick aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia na asiyemjua.

"Na hili nitajuaje kama ni la kweli?" aliuliza, akapanda lori.