Kipa Asiyesalimu

Mdogo wangu Medard hakujua kuteleza kwenye barafu, ndiyo maana wakamweka golini. Tulikuwa tumefika Louisville, Marekani, kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, yeye ana miaka kumi, na mama mmoja wa kanisa aliyetupokea alikuwa na watoto wanaocheza hoki. Siku hiyo kipa wao alishikwa na mafua. Wakamvalisha Medard yale magodoro ya miguuni, wakampa fimbo, wakamsukuma mpaka langoni, naye akasimama pale kwa kuwa hakuwa na namna ya kuondoka. Kile kisahani cheusi cha mpira, kigumu kama sabuni ya mche, kilimgonga tumboni, mabegani na kwenye kofia. Wavuni kiliingia mara chache tu. Mama alipoambiwa kwamba mwanawe ana kipaji, aliuliza kama hicho ni kipaji cha kupigwa.

Ububu wake nao ulianzia hukohuko Louisville. Siku moja alisimama mlangoni akipiga soga na sisi kabla ya mchezo, kisha akafungwa magoli mengi hata kocha akamtoa. Tangu hapo, siku ya mchezo hasemi. Anaamka kimya, anakula kimya, anapita mbele za watu macho chini mpaka honi ya kumaliza mchezo ilie. Hata mama hapati shikamoo. Nilimwambia waziwazi kwamba huo ni ushirikina, na mama alimpeleka kwenye maombi, lakini wapi! Mwishowe tukazoea, kama mtu anavyomzoea mume anayekoroma. Siku nyingine zote Medard ni mwongeaji kunishinda mimi, Dafroza, na mimi si haba.

Baada ya shule alipata timu ndogo ya kulipwa huko Columbus, akawa kipa wa kwanza. Siku zisizo na mchezo alipakia mizigo ghalani. Ndipo alipompata Chimène, binti wa Kikongo anayetunza wazee na kuimba kwaya. Baba yake, Mzee Balagizi, anaishi mji wa Buffalo, mtaa wa West Side, na anafanya kazi kiwandani Lackawanna. Huyo mzee anajua kusalimu. Anamsalimu dereva wa basi, anasalimu foleni nzima dukani, na ukimkatiza anaanza upya. Alisema hatoi binti kwa mtu ambaye hajamwona kwa macho yake, akapanda basi la Columbus.

Chimène alimpangia afike baada ya mchezo. Mzee akafika kabla, amevaa suti, akasimama kwenye ujia wanakopita wachezaji. Mimi nilikuwa nimekuja na gari kutoka Louisville, nikasimama kando yake. Medard akatokea. Mzee akanyoosha mkono. Medard akainua macho, akamwona, akayashusha, akapita.

"Ni ule?" mzee akaniuliza.

"Ndiye, mzee. Ila siku ya mchezo yeye huwa…"

"Ameniona?"

Sikuweza kusema hapana.

"Donc, mutu ananiona, nanyosha mukono, anapita sawa vile niko ukuta. Na huyu ndiye anataka mutoto yangu!"

Akafunga vifungo vya koti, akarudi zake kituo cha basi.

Medard aliomba radhi kwa simu. Akatuma wazee wa kanisa, wakarudi mikono mitupu. Habari ya ububu mzee aliita mambo ya kitoto. Chimène naye alisema hawezi kuolewa bila baraka ya baba yake, na hapo Medard akaanza kukonda.

Mwaka uliofuata aliacha nafasi yake Columbus, akasaini na timu ndogo ya Buffalo kuwa kipa wa akiba. Wenzake walisema amerukwa na akili. Mimi pia nilisema. Kila Jumapili alisali kanisani kwa mzee ili amsalimu mlangoni, na kila Jumapili mzee alitokea mlango wa pembeni.

Kisha kipa wa kwanza akaumia goti, Medard akapangwa kucheza Jumamosi mchana. Chimène akambembeleza baba yake mpaka akakubali kwenda. "Nitakuya," alisema. "Hapana juu yake. Juu yako." Kwao "juu ya" ni "kwa ajili ya".

Medard akanipigia simu. "Dada, nitamsalimu."

"Siku ya mchezo?"

"Siku hiyohiyo. Kabla sijaingia."

Nikajua maji yamemfika shingoni.

Jumamosi tuliketi karibu na ujia, mimi, Chimène na mzee. Wachezaji wakatoka mmoja mmoja. Medard alipotufikia akasimama ghafla, wa nyuma wakamvaa mgongoni. Akavua kofia, akavua glavu, akapiga goti na yale magodoro yake yote. "Jambo sana, papa. Habari ya nyumba?" Wenzake walibaki midomo wazi. Hawakuwahi kuisikia sauti yake siku ya mchezo.

Mzee akageuza uso. Akatazama dari, midomo ameibana. Mkono wa Medard ukabaki hewani. Kisha Medard akavaa kofia na glavu zake, akaenda golini.

Damu ilinichemka. "Mzee, hata kama ni hasira! Mtoto amepiga goti!"

"Nyamaza," akanong'ona, jasho linamtoka. "Chimène amenielezea tena yote, sasa nikasikia. Akisema mbele ya muchezo, wanamufunga. Miye nimenyamaza juu ya kumusaidia. Sasa juu ya nini anasema?"

Nilikimbia mpaka kwenye kioo kinachozunguka uwanja, nikakigonga, nikaita. Hakusikia, na hakutaka tena kutazama upande wetu. Goli la kwanza liliingia watu hawajakaa vizuri. La pili lilimpita katikati ya miguu. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mzee alikaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino, na kila goli alisema "Yesu" kwa sauti ndogo. Walimfunga manne.

Baadaye Medard alitoka na begi lake, nywele mbichi, macho chini. Alipomwona mzee akajibanza ukutani ampishe.

"We Medard," mzee akamwita. "Honi imelia?"

"Imelia, mzee."

"Sasa unaweza kusema?"

"Naweza."

"Bon."

Mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza. Alimuuliza alivyolala. Akamuulizia mama yetu kule Louisville, na mguu wa mama unaomsumbua, na kazi, na mwenye nyumba, na baridi, na gari. Kila swali alisubiri jibu lake. Kufikia swali la gari, Medard alikuwa analia bila kujificha, na mimi na Chimène vilevile. Mfagiaji wa uwanja akatuzunguka, akaendelea kufagia.

Mzee hakumwachia mkono.

"Nilikunyamazia makusudi, unasikia? Miye, Balagizi, kunyamazia mutu ananisalimia! Haiyafika hata siku moja." Akatikisa kichwa. "Magoli ine, juu ya bonjour moja. Siku ingine ya muchezo upite tu, mwana yangu. Nitakuwa nimeisha kuitika."